Wa Mwisho Kutoka Ziwani

Mama mdogo, shikamoo. Naamini mko salama hapo Lumemo, na mpunga umeshakauka.

Niko Mbamba Bay, na mikono haiinuki hata kuchana nywele. Hii ni wikiendi ya tatu ninashindana kuogelea ziwani. Mara mbili za kwanza nilitolewa majini kabla ya kumaliza. Leo upepo ulikuwa mkali, wenzangu wote walishafika, nami nikabaki peke yangu katikati ya mawimbi. Mzee mmoja mvuvi, aliyewekwa kuokoa waogeleaji, akanisogezea mtumbwi.

"Panda, mama. Umechoka."

"Nimechoka kweli, baba, lakini niache kidogo."

Hakubishana. Alipiga kasia taratibu kando yangu mpaka miguu ikagusa mchanga. Nilitoka nikitambaa. Waandaaji walikuwa wanakunja mahema. Mzee alinifunika koti lake lililonuka samaki, akaniuliza natafuta nini majini na umri huu.

Nikamweleza mafuriko yale, tulivyokaa juu ya paa nimekushika mkono, nikijua kwamba ukiteleza sitaweza kukufuata, maana sikujua kuogelea.

Akanipa usipa wa moto, visamaki vya ziwa hili vilivyokaangwa. "Kula," akasema. "Sasa ungemfuata."

Nililia huku natafuna.

Mungu akulinde, mama. Nikifika Jumatano usinipongeze, nikande mabega tu.

Mwanao,
Bertha