Kazi ya Kaka Iliyotangulia Huduma ya Maabara

Mwenzangu, pokea simu! Haya, naandika.

Asubuhi seva ya hospitali ilizimwa na kuwashwa, mfumo wa maabara ukagoma kuamka. Wagonjwa wamejaa hadi mlangoni. Mkurugenzi akaniuliza mbele ya watu wote, "Binti, umegusa nini?"

Sijagusa kitu! Na Kaka, huyu huyu aliyenifundisha kazi ya kompyuta hapa hospitalini, akadakia, "Nilimwonya, hasikii."

Eti alinionya! Mimi!

Nikakaa kuchunguza. Kumbe kuna kazi ya kunakili data imepangwa ijiendeshe kimyakimya kila seva inapowaka. Inaishika data kwanza, basi huduma ya maabara ikiamka inakuta imefungwa, inaanguka. Na aliyeipanga ni nani? Kaka!

Nikamvuta pembeni. "Kaka, ulijua kazi yako itaizuia maabara?"

Hata hakupepesa macho. "Nilijua tangu jana. Wewe bado kijana, utapata kazi kwingine. Mimi nina watoto."

Ana watoto! Si ndio hao nawachukua shuleni mama yao akichelewa? Si ndio wananiita shangazi?

Nimeipanga ile kazi isubiri mpaka huduma zote ziwe zimeamka. Nikawasha seva upya, majibu ya wagonjwa yakaanza kutoka. Kisha nikamweleza mkurugenzi kila kitu, Kaka kasimama hapo hapo. Mkurugenzi kaniomba radhi.

Nimeshinda, mwenzangu, na bado nalia. Usije na methali yako ya kikulacho ki nguoni mwako. Njoo tu.