Mitufaha ya Baba na Baridi Iliyopungua

Kyebando, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Natumaini umeamka vyema, na goti halikusumbui sana asubuhi hizi za umande. Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Chakula nakula, kanisani naenda, na kazi ya maabara inaendelea.

Tangu uliponipigia simu kusema kwamba Kamau anataka kukata mitufaha ya marehemu Baba, isiyozaa siku hizi ila matunda machache, apande viazi, sijatulia. Uliniuliza, "Wewe unayesomea miti, hii imekufa au imelala?" Nilikuomba tu umzuie kaka yangu kidogo. Sasa nina la kukwambia.

Mkubwa wangu kazini, Daktari Nakato, alinichukua hadi Kabale, milimani, kunakolimwa matufaha kama kwetu Kinangop. Tulikwenda kuchuma matumba, yale macho ya maua kabla hayajafunguka. Mwenye shamba, Mzee Byaruhanga, alikuwa askari zamani, na Kiswahili chake ni cha jeshini. Tulimkuta amemaliza kuvuna, sasa anapukutisha majani mabichi kwa mkono, mti mzima. Nilishtuka.

"Mzee, mbona unaua mti?"

Akacheka. "Hapana, binti. Zamani hapa baridi ilikuwa kali. Sasa iko kidogo. Mti inalala, inashindwa kuamka. Mimi natoa majani mapema, ndiyo isilale sana."

Daktari aliijua njia hiyo, na tukiwa garini akanieleza kwa nini mti huhitaji baridi. Mama, ndani ya tumba kuna jeni zinazoliamuru lilale. Amri hizo hutoka zikiwa nakala ziitwazo RNA. Sasa ziko RNA nyingine, fupi mno, ambazo kazi yake ni kunyamazisha. Baridi ikikaa muda wa kutosha, baadhi yake huongezeka, nyingine hupungua, na amri ya kulala inazimwa polepole. Joto likirudi, tumba linafunguka. Baridi isipotosha, amri inabaki na mti unakaa hivyo hivyo, si mfu, si macho. Ndizo hizo RNA fupi tunazozitafuta sisi, tujue mti upi utavumilia miaka hii ya joto.

Tuliporudi Kampala, umeme ukapotea mwisho wa wiki na jenereta ikakataa kuwaka. Jumatatu tukafungua friza tulimoweka matumba: maji. RNA huharibika upesi kuliko maziwa juani. Nilijifungia chooni nikalia, maana kazi yote ilikuwa imekwenda. Nilipotoka, Daktari alikuwa bado amesimama mbele ya friza. Kisha akasema, "Basi, nnyabo," yaani bibie kwa Kiganda, "tunarudi Kabale."

Na tuliporudi, majuma machache baadaye, Mama, ile miti iliyovuliwa majani ilikuwa imejaa maua, meupe yenye wekundu pembeni, nyuki wanavuma. Miti ya jirani, ambayo haikuguswa, ilikuwa na maua machache tu, huku na kule. Nilimkumbuka Baba na koti lake la mvua, akituita tutoke nje tuone. Daktari aliniacha nisimame pale nitosheke, ndipo tukaanza kuchuma matumba yaliyokuwa hayajafunguka.

Jioni hiyo nilimpigia Kamau, nikamweleza yote.

"Na isipochanua?" akaniuliza.

"Basi ikate. Baba aliipanda tule matunda, hakutaka iwe kaburi lake."

Akasema, "Unadhani mimi nataka kumfuta Baba? Nimechoka kuipita kila asubuhi ikiwa hivyo."

Sikulijua hilo, Mama. Nadhani hata wewe hukulijua. Mimi niko mbali na naikumbuka ikiwa na maua. Yeye ndiye anayeiona ilivyo.

Tumekubaliana avue majani ya safu ya karibu na kisima mkimaliza kuvuna matufaha hayo machache, iliyobaki aiache kwanza. Sikumwahidi kitu, maana hata maabara haijaniahidi. Lakini usimwache afanye peke yake. Keti hapo karibu, mzungumze habari za Baba.

Nisalimie shangazi anayetuletea maziwa, mke wa Kamau, na baba mdogo aliyenilipia nauli ya kuja huku. Wewe usipande ngazi. Matawi ya juu ni ya Kamau.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Wambui