Mayai Hamsini ya Phakhin

Orathai, leo nimeumbuka, sina pa kuficha uso!!

Si niliweka nadhiri kwa Babu, ule mzimu wa kihekalu cha nyuma ya soko? Phakhin wa tamthilia asipokufa, nampelekea mayai hamsini ya kuchemsha. Jana kazinduka hospitalini. Nadhiri ni nadhiri.

Basi nimepiga magoti na trei zangu, nasema kwa sauti ili Babu asikie: "Asante kwa kumponya Phakhin."

Nyuma yangu: "Phakhin yule anayemfungia mkewe stoo?"

Nageuka. BUPPHA! Yule ninayemshauri ofisini kuhusu mume wake anayemzaba makofi. Juzi tu nimempiga marufuku kusema "lakini ananipenda".

Na mimi, mshauri mzima, nikajibu nini?

"Lakini anampenda."

Shoga, limenitoka lenyewe! Mbele ya Babu! Na mayai hamsini!

Tukasubiri udi niliomwashia uishe, maana Babu ndiye hula kwanza. Ulipoisha, Buppha akachukua yai, akalimenya taratibu.

"Dada Kanda, mimi nimeshahama tangu jana. Wewe unamwacha lini?"