Sensa ya Gari la Baba

Kauhajoki, 9 Juni

Kaka Oiva mpendwa,

Pokea salamu za sisi sote. Mgongo uliouumiza bandarini unaendeleaje? Na huko Tromsø joto limeanza, au bado mnavaa makoti? Sisi ni wazima, isipokuwa macho ya Baba, yanazidi kufifia. Sura yangu anaiona kama kivuli, ingawa ukimuuliza atakwambia taa za gereji ndizo mbovu.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu ya shukrani. Uliponikataza kwenye simu nisinunue sensa ya oksijeni ya bei poa, ile ya kupimia moshi wa ekzosi, nilinuna. Sensa ya kawaida inasema tu kama mafuta yanayochanganyika na hewa ni mengi au kidogo. Nilitaka ya masafa mapana, inayosema ni kiasi gani, na nilidhani yoyote itafaa. Ukanituma niulize kwanza kama kuna aliyeifunga kwenye ekzosi ya gari la mbio ikadumu. Muuzaji akaanza kunisifia bei tu, nami nikachukua ile uliyoitaja wewe.

Baba alikasirika. Unamjua, miaka yote anachomoa plagi, anatazama rangi ya masizi yake, ndipo anagusa kabureta. "Yaani mimi nipimiwe moshi na kidude? Pua yangu imekufa?" Nikamjibu kwamba pua ipo, ila rangi haioni tena. Nilijuta papo hapo. Lakini akasema, "Haya, soma." Tangu hapo mimi nasoma namba kwenye geji, yeye anasikiliza injini na kuniambia nibadilishe nini. Siku namba ilipotulia kwenye kumi na mbili na nusu za hewa kwa moja ya mafuta, pale pale anapopataka, huku nimekanyaga mafuta mpaka mwisho, alicheka hadi akakohoa. Kwa kicheko kile, Kaka, asante sana.

Shida ikawa gari limekuwa zuri mno. Unaijua sheria ya mbio zetu: mashindano yakiisha, mwenye leseni ya mbio yeyote anaruhusiwa kulinunua gari lako kwa bei moja iliyowekwa kwa magari yote, na ukikataa unafungiwa. Nilitaka tuliache zito kidogo ili asilitamani mtu, maana ndilo la mwisho alilolijenga kwa macho yake. Alikataa katakata. "Nilijenge halafu nilifiche? Likiondoka, liondoke likiwa zima."

Jumamosi nilishika nafasi ya kwanza. Hata kahawa sijamaliza, Teijo, yule dereva wa Ilmajoki, akaanza kulizunguka gari huku anatafuna soseji. "Dada, leo unarudi kwa miguu," akanitania. Nilitamani kumrushia spana! Kumbe si yeye peke yake, kulikuwa na ombi jingine la kulinunua, kwa hiyo ikachezwa kura ya bahati, jina moja lichomolewe. Baba alisimama ameshika boneti kwa mikono yote miwili.

Jina lililosomwa lilikuwa la Mama.

Ndiyo, Mama yetu, anayekwenda kanisani kwa gia ya pili. Tangu Machi alikuwa akituaga kwamba anakwenda kwaya, kumbe anafuata leseni ya mbio. Baba akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyelichukua. Mama akamshika mkono. "Ni mimi, mzee. Ulidhani nitaliacha liende Ilmajoki?" Baba alilia mbele ya watu. Kisha akamwambia, "Basi uliendeshe. Gari langu si la makumbusho."

Nikamkumbusha Mama kwamba akishindana nalo litauzwa tena. Akanituliza, eti kwa mwendo wake nani atalitaka?

Jana Mama alifanya mazoezi na gari. Baba alitangulia uzioni, nami nikamfuata bila yeye kujua, na akasikiliza mizunguko yote. Mwisho akapaza sauti upande wa kiwanjani, "We binti, si ungemwachia mama yako naye aendeshe kidogo?"

Nilikuwa nimesimama kando yake, Kaka. Usukani alikuwa nao Mama.

Kwa hiyo ukija sikukuu ya katikati ya kiangazi, uje umeshachukua leseni. Safari hii atakayelinunua itabidi uwe wewe. Mama atakuokea maandazi ya iliki, na Baba anakusalimu, anasema ile sensa "si mbaya sana."

Akupendaye, dada yako,
Henriikka