Vumbi la Ovaroli za Shemeji Yako

Mdogo wangu mpendwa Sindano,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani kwako. Natumaini mnaamka salama, mume wako yu mzima, na wanao wanakusikiliza angalau mara moja kwa siku. Ukiuliza hali yetu huku, shemeji yako ni mzima wa afya, anakula, anakoroma, anagombana na redio. Mimi nipo. Najua hupendi nikikujibu hivyo, ndiyo maana leo nimekaa mezani tangu nilipomaliza chai, mto ukiwa ubavuni, nikuandikie kwa urefu. Na jina la Sindano sitaliacha, hata kama mume wako anasema siku hizi umekuwa cherehani nzima.

Nina mambo mawili ya kukueleza, moja langu na moja lako. La kwako nimeliweka mwisho kwa sababu naliogopa. Tafadhali usirukie huko kwanza, soma kama watu wanavyosoma.

Nilikuambia kwenye simu kwamba ubavu wa kulia unaniuma kwa ajili ya kuinamia mashine. Haikuwa mashine. Hospitali walinitoa maji kifuani, chupa nzima na zaidi, nikapumua vizuri nikadhani mambo yamekwisha. Baadaye wakakata kinyama kidogo wakakipima. Ni saratani ya utando unaofunika mapafu. Daktari alihangaika kunitafutia mfano, mwisho akasema nifikirie koti na bitana yake. Hakujua anaongea na fundi cherehani, nikamwelewa papo hapo. Bitana yangu imekuwa nene na ngumu, inazibana mbavu na mishipa ya fahamu inayopita pale. Ndiyo maana nikivuta pumzi ndefu panachoma, nikitulia panauma kwa uzito, na siku nyingine bega linawaka moto ingawa bega lenyewe halina kosa lolote. Hakunificha kwamba ugonjwa huu hauponi. Ila alisema maumivu yanatulizika, na kwamba hiyo ni kazi wanayoifanya tangu siku ya kwanza, hawangoji mtu awe wa mwisho mwisho. Siku ile nililia sana. Sasa hivi silii kila siku.

Wakanikabidhi kwa nesi ambaye kazi yake ni maumivu tu. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Alinipa daftari, nitaje namba asubuhi na jioni, sifuri ikiwa siumwi kabisa, kumi ikiwa ni maumivu yasiyovumilika. Nikamwambia nimepima watu miaka arobaini na sijawahi kuona futi kamba ya maumivu. Akasema futi kamba ni mdomo wangu mwenyewe. Shemeji yako akalidaka lile daftari, si unamjua, mtu wa kuandika kila kitu. Kila asubuhi anachonga penseli, anavaa miwani, anauliza, "Ngapi?" Mimi najibu mbili. Jioni anauliza tena, najibu mbili. Ilikuwa saba, mdogo wangu, na jioni nyingine ilikuwa nane.

Utasema nimerukwa na akili. Sikiliza kwanza. Siku daktari aliponieleza ugonjwa nilikuwa peke yangu chumbani mwake, shemeji yako amekwenda kupanga foleni ya dawa. Aliniuliza kama niliwahi kufanya kazi na asbesto. Nikamjibu hapana, mimi ni wa nyuzi na vitambaa, mume wangu ndiye aliyekuwa kiwandani akizungushia mabomba ya mvuke ile pamba nyeupe ya kuzuia joto lisipotee. Akauliza nani alikuwa anafua nguo zake. Basi hapo nikaelewa kabla hajamaliza. Unakumbuka alivyokuwa anarudi, mweupe kuanzia kofia mpaka viatu, kama katoka kusaga unga. Daktari akasema vumbi lile ni nyuzi ndogo zisizoonekana, zikiingia kifuani hukaa humo miaka thelathini, arobaini, bila kusema neno. Yeye aliyezishika kutwa nzima mapafu yake mazima, mimi niliyefua ndiye ninayeumwa. Nilimwomba daktari, tafadhali, mume wangu asijue zimetoka wapi. Niliona nikimwambia itakuwa kama kumkabidhi jeneza langu alibebe tangu sasa. Na nilijua nikitaja saba ataanza kuuliza, akiuliza nitasema. Kwa hiyo nikawa nasema mbili.

Haya, ukitaja mbili unapewa dawa ya mbili. Nikawa nakunywa vidonge ambavyo havikuyagusa maumivu hata kidogo. Nikashindwa kulala ubavu wa kulia, nikashindwa kucheka, mimi! Nikaanza kukata maneno katikati ili nipate pumzi. Kuoga kukawa safari. Miezi miwili nilikaa hivyo, nikijiona shujaa.

Nesi ndiye aliyenikamata. Kliniki ya mwezi wa pili alilifungua daftari, akaona mbili zimepangana kama vifungo vya kanzu, kisha akanitazama nilivyokuwa nimeushika ubavu. Akamtuma shemeji yako dirisha la dawa. Akafunga mlango, akauliza upya, nikamwambia saba. Nikamwambia na sababu yake. Hakunigombeza. Alisema, "Mama, mimi natibu kilichoandikwa humu. Ukinidanganya, dawa yangu nayo inakudanganya." Akaongeza kwamba mtu anayeishi na mgonjwa huyaona maumivu hata yasipotajwa, na kwamba huenda nilikuwa namwacha mume wangu peke yake nikidhani namkinga.

Kesho yake asubuhi penseli ikachongwa, miwani ikavaliwa, akauliza ngapi. Nikasema saba. Hakuandika. Nikamweleza yote, ovaroli, vumbi, maneno ya daktari. Aliinuka akaenda kusimama mlangoni, amenipa mgongo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Wenzangu wawili wa shifti walikufa kwa kifua. Nilijua. Nilikuwa naandika mbili huku naona saba." Kumbe miezi yote ile alikuwa anaogopa kumuuliza daktari swali ambalo mimi nilikuwa naogopa asije akasikia jibu lake. Tulilia wote wawili kama watoto, kisha akaniuliza kama nataka chai. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi, na siku ya harusi nilimpenda sana.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Napewa morfini ya maji, kipimo kile kile kwa saa zile zile, iwe pameuma au hapajauma, maana nimeelezwa kwamba maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Kuna kipimo cha ziada cha akiba pale yanapochomoka ghafla, na kingine kabla ya kuoga. Kuna kidonge cha jioni cha ule moto wa bega. Kuna na dawa ya kulainisha choo, ambayo usiidharau, morfini bila hiyo utakaa chooni ukikumbuka dhambi zako zote. Nilikuwa nadhani morfini ni ya mtu anayekata roho. Kumbe mimi nimeanza kuitumia ndiyo nikarudi kushona. Nasinzia kidogo mchana, lakini jana nilipinda suruali mbili. Namba ni tatu, na ni tatu ya kweli. Maumivu yakizidi, wamesema wanaweza kunipiga mionzi pale panapouma.

Sasa lako. Juzi shemeji yako alikuwa anaandika hiyo tatu, akanyanyua kichwa akauliza, "Na Sindano je?" Nilikuwa nimeshajiuliza tangu siku ile kwa daktari, nikajifanya sijajiuliza.

Miaka miwili uliyokaa kwetu, tangu ukiwa na miaka kumi na tatu, ni wewe uliyekuwa unazikung'uta zile ovaroli ukutani kabla sijaziloweka. Nilikuambia nina kazi za wateja, sina nafasi. Ukweli ni kwamba vumbi lile lilikuwa linaniwasha shingo na kunikohoza, nikachoka nalo, nikakupa wewe. Sikujua linaua, naapa. Lakini nilijua linaumiza. Nilikuwa nakaa ndani na kukanyaga mashine bila kitambaa chochote chini ya sindano, ili wewe kule nje usikie dada yako anafanya kazi. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu amelijua wiki hii.

Daktari anasema wengi waliovuta vumbi lile hawaugui maisha yao yote, na ninakuombea uwe mmoja wao. Lakini nenda hospitali. Usingoje kukohoa. Mwambie daktari neno asbesto kwa mdomo wako, na umwambie ulikung'uta nguo miaka miwili ukiwa mtoto, kwa sababu asipoambiwa hatauliza. Aandike kwenye faili lako, ili siku ukisema kifua kinakuuma mtu asikuambie ni kulala vibaya.

Nisalimie mume wako, nisalimie wanao mmoja mmoja. Shemeji yako anakusalimu. Amesema yeye ataandika barua yake, na mimi nimemwambia aandike, nisimsemee. Usinijibu haraka. Nenda upimwe kwanza, kisha uniandikie alichosema daktari, chochote kile. Halafu uniandikie unavyoniona sasa. Ukiwa na hasira nami ziandike zote, usinipunguzie kwa kuwa naumwa. Wewe hukupunguziwa.

Ni mimi dada yako,
Fundi