Kanda ya Koo Kavu

Jumatatu, 3 Oktoba 2022

Mvua. Hoquiam bila mvua si Hoquiam. Jessa, niliyesoma naye, kaja pale kazini kwetu kwenye duka la matairi, pancha ya nyuma, na kifuani fulana ya albamu ya Koo Kavu. Tena! Mji mzima umechanganyikiwa na albamu hii kwa kuwa imetimiza miaka thelathini. Jumamosi kuna sherehe kwenye ukumbi wa wakata miti. Mjomba Reino ndiye aliyepiga ngoma humo, na mimi naishi kwake, basi kila mtu anataka nisujudu.

Nikamwambia Jessa: muziki wa wazee wenye magoti mabovu. Gitaa linakoroma, mtu anabweka, basi. Kilichoibeba ni ufundi wa studio ya Seattle. Toa ufundi, hubaki na kitu.

"Anasema nani? Aliyefukuzwa darasa la muziki kwa kuvunja filimbi?"

Filimbi! Ilikuwa tarumbeta, na ilivunjika yenyewe.

"Haya thibitisha, bingwa."

Nitathibitisha. Mjomba ana kanda ya kwanza kabisa, waliyorekodi gereji kabla ya kwenda Seattle. Haijapakwa rangi yoyote. Jessa ataniomba radhi mbele ya watu!

Jumanne, 4 Oktoba

Viazi na nyama ya kusaga, upishi pekee anaoujua Mjomba. Nikaiulizia kanda, kijanjakijanja.

Kumbe haijachezwa tangu Dell afe. Dell ndiye aliyekuwa mwimbaji, mtoto wa pekee wa Bi. Marlys, na gereji ilikuwa ya mama huyo. Kati ya nyimbo Dell anasikika akiongea. Mama ana sauti yake ya kuimba, kama dunia nzima. Ya kuongea hana, ila iliyo humo. Jumamosi atasikilizishwa. Bibi wa miaka themanini na moja, ameshashona gauni.

"Ila we mpwa, usiiguse," Mjomba akasema. "Lazima iokwe kwanza."

Iokwe!

"Kanda za zamani zinashika unyevu. Ijumaa fundi anakuja kutoka Olympia na kioveni chake."

"Mtaipaka na siagi, Mjomba?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha: "Sifanyi mzaha, Wade."

Ndivyo walivyosema na kazini, wiki yangu ya kwanza, waliponituma stoo nikalete ndoo ya upepo wa akiba. Nilizunguka na ile ndoo, nauliza mtu mmoja mmoja! Mimi sidanganywi mara mbili.

Jumatano, 5 Oktoba

Mjomba yuko kazini, anaendesha basi la shule. Mimi nikashuka chini kwenye mashine yake ya kuchezea kanda. Mpango: nasikiliza, narekodi kidogo kwa simu, namtumia Jessa, nacheka.

Nikabonyeza.

Sijui niandikeje. Wimbo wa kwanza, bila Seattle, bila chochote. Sauti ya Dell inapasuka katikati na haombi samahani. Ngoma za Mjomba — huyu huyu mwenye kipara anayelala na televisheni inawaka! — zilinipiga kifuani. Vinyweleo vilinisimama. Miaka thelathini, halafu kama walianza kupiga nilipofungua mlango. Nilikosea. Nilikosea vibaya sana.

Kisha akaongea. "Mama, acha kuzimazima taa! Umebaki wimbo mmoja tu, nakuja kula. Reino, umekanyaga waya wangu, we ng'ombe." Akacheka. Wote wakacheka.

Halafu kanda ikapiga yowe. Kama breki za lori. Nikazima, nikarudisha nyuma, nikacheza tena — mbaya zaidi. Nikarudisha tena! Mjinga! Kuangalia vidole, unga wa kahawia. Ule unga ndio muziki. Kuna mahali kanda imebaki nailoni tupu, unaona ng'ambo.

Simu ilikuwa mfukoni muda wote. Nilisahau kurekodi. Nilikuwa nasikiliza.

Nimeirudisha kwenye boksi lake. Nimenawa na sabuni ya kazini, ile ya kutoa grisi.

Alhamisi, 6 Oktoba

Jessa: ushahidi uko wapi, bingwa? Nikamwambia albamu ni kali, bado kali. Akadhani namtania.

Sijala.

Ijumaa, 7 Oktoba

Fundi kaja. Kioveni kipo kweli, kama cha kukaushia matunda. Akafungua boksi, akapitisha kidole kwenye kanda. Akasema hii imeshachezwa mbichi, Reino, na walioicheza wameirudisha nyuma zaidi ya mara moja.

Mimi nimesimama hapo na waya wa fundi mkononi.

Mjomba akakaa kwenye ngazi. "Basi ni mimi," akasema. "Ile miaka ya pombe. Mambo mangapi niliyafanya siyakumbuki."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nikauliza kama wanataka kahawa.

Jumamosi, 8 Oktoba

Niko ngazi za nyuma ya ukumbi, naandika haraka. Mjomba kamwambia Bi. Marlys mbele ya watu kwamba kosa ni lake, ulevi. Miaka ishirini hajagusa hata bia! Bibi akamshika mkono, akasema hapana, mwanangu, wewe usilie.

Fundi kaokoa kipande kimoja. Mvumo, kisha "Mama, acha—" na mvumo tena.

"Niache nini?" akauliza Bi. Marlys. Mjomba akasema hakumbuki, walikuwa wanasema upuuzi mwingi sana.

Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. "Niache nini, Dell?"

Nikatoka.

Jessa kachungulia sasa hivi: "We, una nini? Mjomba wako anakutafuta, anaanza kupiga." Nikamwambia nakuja. Mlango kauacha wazi. Wamecheza tena kile kipande, naona Bi. Marlys ameinuka na gauni lake jipya, anatembea polepole mpaka ukutani, kwenye swichi.

Ukumbi giza. Mwanga. Giza. Mwanga.

Watu wanadhani umeme una hitilafu. Mjomba kafunika uso. Anajua maana yake.

Na mimi najua. Mimi nisiyepaswa kujua. Giza tena — siuoni hata mstari ninaouandi