Mpigie Mama Umwambie Hujui

Karakana ya Mbwembwe,
Mlango wa bluu, nyuma ya duka la magodoro.
Jumatatu, tarehe 10 mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu, Mchungaji,

Kabla hujauliza hali yangu, jua unasoma barua ya mtu mwenye bahati. Nimepata kazi ya kanisa! Mabenchi yote ya jengo jipya, na mimbari, na ile meza ya mbele, vyote vimeangukia mikononi mwa kaka yako. Mafundi wenzangu wananitazama kama nimeokota dhahabu njiani. Mimi nimetulia tu, penseli sikioni, nanusa mbao. Ukija likizo utahubiri kwenye mimbari niliyoiranda mwenyewe, na mahubiri yakiwa mabaya, angalau watu watakuwa na kitu kizuri cha kutazama.

Haya, salamu sasa. Hujambo wewe? Shemeji yangu hajambo? Watoto wameizoea baridi ya huko? Sisi huku wazima, isipokuwa magoti ya mama, kifua cha mama na moyo wa mama. Nitafika huko. Mimi nina afya ya kukera watu. Mke wangu bado anasali Jumamosi na mimi bado nasali Jumapili, kila mtu na dhehebu lake, na mbwa wetu anapumzika siku zote mbili, kwa hiyo ndiye mcha Mungu kutushinda sote.

Nimeandika barua kwa sababu simu imenishinda. Kila nikianza kusema la maana, wewe unaanza kuniombea. Unasema "tuombe kaka", mimi kwa heshima nafumba macho, nikija kuyafumbua umeshasema amina na umekata. Barua haina amina ya katikati. Kaa usome mpaka chini.

Nimekukasirikia. Sijawahi kukukasirikia hivi tangu uzaliwe, na ulizaliwa unapiga kelele mpaka jirani wa ukuta wa pili akahama.

Ni yale mahubiri uliyotutumia kwenye simu. Unanijua nilivyo. Mdogo wangu anahubiri mbele ya umati, ng'ambo, kavaa suti, halafu nimsikilize peke yangu kwenye kisimu? Nilitoa spika kubwa, nikaiweka mlangoni mwa karakana, nikaita mtaa mzima. Kinyozi alikuja na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Muuza magodoro, Mwislamu wa watu, alifunga duka lake akaja na kiti. Akina mama wa kanisani walikuja na sare. Mama nilimkalisha mbele kabisa, kwenye kiti chenye mikono, nikatangaza: "Haya, msikilizeni aliyetoka kwenye tumbo hili!"

Ulianza vizuri, sikatai. Sauti unayo, umeirithi kwangu. Kisha ukafika kwa baba. Ukasema baba yako mzazi alikuwa fundi viatu, mtu mwema kuliko wengi waliokaa mbele yako, lakini aliahirisha ubatizo, akaahirisha, mpaka mauti yakamkuta nje. Ukasema, "Na leo ninaposema nanyi, ninajua alipo. Yuko motoni." Na watu wa huko wakaitikia amina. Amina! Kwa baba yetu!

Huku hakuna aliyeitikia. Mama aligeuka akaniuliza, "Amesema yuko wapi?"

Nikajifanya nahangaika na waya.

"Nimekuuliza wewe. Rudisha nyuma nisikie."

"Mama, spika ina kasoro."

"Wewe ni fundi wa mbao, usinifundishe spika. Rudisha."

Nikarudisha. Kwa hiyo siku ile ulimchoma baba mara mbili, na mara ya pili ni kwa kidole changu mimi, mbele ya kinyozi.

Kesho yake mama alifua kile kitambaa cha kichwa cha umoja wa wanawake, akakipiga pasi, akakikunja, akakirudisha kwa mwenyekiti wao. Mwenyekiti akashangaa, akamuuliza, "Vipi mama, umetuhama?" Mama akamjibu, "Bado. Nasubiri siku yangu. Nikifa naenda kwa mume wangu. Kama yuko motoni, atahitaji mtu wa kumpa maji."

Mimi ni mtu wa kucheka hata msibani, nawe unalijua hilo. Hapo sikucheka.

Tangu siku hiyo haingii kanisani. Usidhani anabaki nyumbani, la. Kila Jumapili anavaa, anakwenda mpaka kanisani, anakaa nje, kwenye ule ubao ulio chini ya dirisha. Ubao wa baba. Umeusahau? Baba alikuwa akimsindikiza mama mpaka mlangoni, kisha anakaa pale na sindano yake. Wenye viatu vilivyoachama walimwachia wakiingia. Watu waliingia ibadani na kiatu kimoja wakatoka na viwili. Na mahubiri yote aliyasikia kupitia dirishani, maana tukirudi nyumbani ndiye aliyekuwa akituuliza mchungaji kasema nini, na ole wako ukosee.

Halafu wewe unasimama mbele ya watu kusema aliahirisha. Nani kakwambia? Baba alisoma darasa la ubatizo mpaka mwisho, tena si mara moja. Mara ya mwisho nilikuwa naye, darasa lile lile, mimi kijana wa ndevu mbili. Siku ya maswali mbele ya wazee, nilijibu yote kama kasuku. Baba alijibu vizuri mpaka lile swali la waliokufa bila kubatizwa, wako wapi? Jibu tulifundishwa: wamepotea. Mchungaji yule wa zamani akamhimiza, "Fundi, sema tu, ni neno moja." Baba akasema, "Hilo siwezi. Mama yangu alikufa kabla ninyi hamjafika." Akatoka, akarudi kwenye ubao wake. Nikabatizwa mimi niliyejibu bila kufikiri, akabaki nje yeye aliyefikiri. Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama, unanyonya kidole.

Sasa sikia ninachoamini mimi. Shule niliiacha njiani, ila kichwa nilitoka nacho.

Naamini Yesu ni Bwana, na hilo usinipimie kwa rula. Naamini alikufa akashuka kuzimu. Tunalikiri kila Jumapili, wewe huko na mimi huku. Alishuka kufanya nini sasa? Kukagua jengo? Mimi naamini alikwenda kutafuta watu, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba alichoka akaacha. Naamini mwisho wa yote hata wale wagumu kabisa watachoka kukataa kabla yeye hajachoka kubisha hodi. Hiyo ndiyo imani yangu, nalala nayo, naamka nayo. Naweza kuwa nimekosea. Nimewahi kukosea kupima mlango, tukalazimika kuliingiza kabati la bibi harusi kwa kulikata katikati, sembuse kupima mbingu!

Wewe unaamini moto ule hauzimiki. Sawa. Sikukatazi, na mistari ya kunionyesha unayo, najua, usinitumie. Mke wangu yeye anaamini wafu wamelala tu, hawajui lolote mpaka parapanda ilie. Akaenda kumpoza mama kwa hilo: "Mama, baba amelala, hasikii joto wala baridi." Mama akamwambia, "Amelala? Yule alivyokuwa akikoroma, ningemsikia." Muuza magodoro naye ana yake. Tunabishana kila jioni tukifunga maduka. Ananiambia, "Fundi, ninyi wenyewe hamjamalizana, mimi mtanibatiza saa ngapi?" Namjibu, "Na wewe miaka yote hii hujanisilimisha, unajiita mfanyabiashara?" Lakini siku ile ya spika ndiye aliyemshika mama mkono kumpeleka ndani, akamwambia, "Mama, kuhukumu ni kwa Mungu. Sisi wengine tumwombee rehema mzee wetu." Mtu wa dini nyingine, mdogo wangu! Amemwombea rehema baba yako, wakati wewe unamhesabia kuni.

Nyumba yangu ina mabishano kushinda bunge, na hakuna aliyewahi kunyimwa chakula kwa sababu ya jibu lake. Kwa nini? Kwa sababu sisi wote tunasema "naamini". Wewe ulisema "najua". Umejulia wapi? Ulikwenda ukarudi? Ulimkuta amekaa upande gani? Kama ulimkuta, mbona hukumletea mama salamu zake?

Hasira yangu haikuishia kwako, maana ni kubwa, inatosha watu wengi. Nilikwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa na ombi moja dogo: siku ya meza ya Bwana, mkate na kikombe vipitishwe dirishani, mama apokee akiwa pale pale nje. Mzee Kipaza, yule asiyejua kunong'ona, akadakia, "Meza iko ndani. Anayeitaka aingie." Nikamwambia, "Mama hakatai mlango, anakataa kumwacha mumewe." Mchungaji wetu, na huyu ni mtu mpole, simsemi vibaya, akaniambia, "Fundi, moyo wangu uko nje na mama yako, lakini nikifungua dirisha hilo sitajua nilifunge lini." Nilimwelewa. Kweli nilimwelewa. Ila Kipaza akaendelea, "Na wewe mwenyewe, fundi, unaamini baba yako yuko wapi? Sema tusikie."

Nikasema. Niliwaambia yote niliyokwambia wewe, nimesimama, na sauti yangu unaijua. Kipaza akasema hayo ni mafundisho ya uongo. Nikamwambia, "Kipaza, soli ya hicho kiatu ulichovaa imeshonwa na huyo unayemwita kuni." Kikao kilivunjika bila sala ya kufunga, jambo ambalo hapa halijawahi kutokea.

Jana mvua ilinyesha wakati wa ibada. Tulikuwa tunaimba, mimi kwenye besi, nikamwona mama dirishani, mwavuli umepinduka, ameketi kimya kama mtu anayesubiri zamu. Nikaacha wimbo katikati, nikatoka nikakaa naye. Akaniambia, "Rudi ndani, wanapotea bila besi."

"Waache wapotee, mama. Twende nyumbani."

"Baba yenu alikaa hapa mvua zote. Alinilalamikia?"

Kifua sasa kinambana. Mganga wa zahanati kamkataza baridi. Mama kamuuliza kama na motoni kuna baridi, maana anataka kujua afungashe nini. Mganga alinitazama mimi, mimi nikatazama dari.

Unaona nilipofika? Mama yetu anakohoa, hana meza ya Bwana, hana wenzake wa sare, na anajiandaa kwenda motoni kwa miguu yake, kwa mapenzi. Mwanamke aliyetufundisha sisi wote kuomba! Nimejaribu, mke wangu amejaribu, mchungaji amejaribu. Ananisikiliza, anatabasamu, kisha anasema, "Wewe hukusoma. Mdogo wako amesoma, na amesema anajua."

Kwa hiyo dawa unayo wewe. Sikuombi ubadili imani yako. Ningekudharau ukiibadili kwa kuogopa barua ya kaka yako. Amini moto wako, uhubiri, uutetee, ukija tutabishana mpaka majirani watuletee chai. Nakutaka jambo moja. Mpigie mama, usianze na kumwombea, umwambie: "Mama, nilisema najua alipo baba. Sijui." Basi. Hapo hujamkana Mungu wala hujavunja fundisho lolote. Hata huyo profesa wako aliyekufundisha uchungaji, ukimbana vizuri, hajui baba yetu yuko wapi.

Na ukishindwa kulisema hilo, usinipigie mimi tena. Sisemi kwa mzaha.

Dada yetu mkubwa anakusalimu, ila ameikaza midomo kama ameshika pini za kushonea. Shangazi anauliza watoto wanaendeleaje, na kama bado wanaijua lugha yake. Kinyozi anakusalimu, na yule mteja wake naye anakusalimu, upande wa pili alimaliziwa siku iliyofuata. Muuza magodoro anasema ukija kuna godoro lako, usilale kwetu mpaka nipoe. Mama hajui kwamba nakuandikia. Angejua, angesema nikusalimie na uvae sweta.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe maneno ya kumtosha mama yako, na akutie shaka kidogo moyoni, kiasi cha chumvi tu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata leo nilivyofura,

Fundi Mbwembwe.

Nimeshafunga bahasha nikaifungua tena. Kazi ya kanisa sina. Waliniondolea kwenye kikao kile kile, mabenchi anatengeneza mtu mwingine. Pale mwanzo nilikudanganya.